Nyuzi 19 Zinazotembea: Kisa cha Kabini Moja Kwenye Mto Nile

Simu iliingia saa sita kasorobo usiku, na simu ya saa hizo mara chache huwa na la heri. Aliyepiga ni mama mdogo wa mke wangu, yuko Luxor, Misri, ndani ya meli ya kitalii iliyofungwa gatini. Hakusalimu.

"Mwanangu, wewe si fundi wa mabaridi? Dada yangu anaganda huku."

Ni kweli, mimi ni fundi wa viyoyozi na vyumba vya baridi. Karakana yangu iko Industrial Area, Nairobi, lakini riziki kubwa hutoka kwenye maofisi ya Upper Hill, ambako kila Jumatatu kuna karani anayelia joto na mwenzake wa meza ya pili anayelia baridi. Kwa hiyo malalamiko yenyewe hayakuwa mapya kwangu. Jipya lilikuwa mahali. Agosti, Luxor, mchana nyuzi 40, na mtu anaganda.

Nakisimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nilikikosea mara mbili kabla ya kukipata, na makosa niliyofanya ni yaleyale ninayowakemea vijana wangu wa karakana.

Dada wawili

Mama mkwe ana miaka 71. Mdogo wake ana 64. Wote wawili wamezaliwa nyumba moja, Majengo, Mombasa. Mkubwa aliolewa akahamia Nairobi zaidi ya miaka 40 iliyopita na sasa anakaa South C. Mdogo hajawahi kulala nje ya Pwani zaidi ya wiki mbili. Watoto walichanga, wakawakatia safari ya usiku nne, Luxor hadi Aswan, mwezi wa Agosti kwa sababu ndipo shule zimefungwa, mke wangu ana nafasi ya kuwasindikiza mpaka Kairo, na bei za Nile wakati wa kiangazi hushuka.

Kila mtu alihofia joto. Kofia zilinunuliwa, miavuli ikanunuliwa, mtu akaleta hata zile feni ndogo za kushika mkononi. Sweta ilikuwa moja tu katika msafara mzima, nayo mama mkwe aliivaa kwa sababu alitoka South C alfajiri, Nairobi ikiwa kwenye nyuzi 12, akaona haya kuivua uwanja wa ndege. Mimi nilimpa mama mdogo kipimajoto kidogo chenye waya, kile ninachotumia kwenye mafriji, nikamwambia aniletee habari za jua la Misri. Ulikuwa utani. Kikaja kuwa chombo cha maana kuliko vyote mle ndani.

Sasa, tofauti ya dada hawa ndiyo kiini cha kisa, na sikuiona mapema. Wote tulidhani wa Mombasa ndiye atakayelalamikia baridi ya kiyoyozi, kwa kuwa katoka kwenye joto, na wa Nairobi ataona sawa, kwa kuwa kazoea. Ikawa kinyume.

Usiku wa kwanza: nilichokiona na nilichokosea

Nikamwomba mama mdogo anionyeshe chumba kwenye video. Nikasikia sauti ya mama mkwe kwa nyuma, kali: "Mkwe wangu asionyeshwe kitanda changu!" Heshima ni heshima. Kamera ikaelekezwa darini, na huko darini ndiko ilikobaki siku zote nne. Kwa hiyo chumba kile sikukiona kamwe ila dari yake, pazia, na ukuta wenye themostati, kile kifaa cha kuchagulia kiwango cha joto. Nashukuru, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa darini.

Juu ya mlango wa kuingilia, pale ambapo dari imeshuka kufunika mabomba ya bafu, palikuwa na tundu refu la hewa lenye mbavu za aluminiamu, limeelekea moja kwa moja ndani. Kitanda cha mama mkwe kilikuwa cha kwanza kutoka mlangoni. Kitanda cha mama mdogo kilikuwa cha pili, kando ya mlango wa kioo wa roshani. Themostati ilikuwa imewekwa 22, na chumba kilikuwa 19.

Nikasema: pandisheni hadi 28, jifunikeni blanketi, mlale. Nikalala na mimi.

Hilo ndilo kosa la kwanza. Namba niliiamini bila kuuliza mashine inaitii namba au la.

Asubuhi nikapata ujumbe wa sauti wa dakika nne. Baridi haikupungua hata chembe. Mama mdogo, ambaye hana subira, alipanda juu ya kiti akaziba tundu kwa taulo. Taulo likakaa mpaka saa tisa usiku, likaanguka usoni kwa dada yake, naye akapiga ukelele uliowaamsha majirani. (Kwa wanaouliza: ukiziba tundu la kiyoyozi cha kawaida cha gesi, koili, yaani yale mabomba yanayopoza hewa, inaweza kuganda barafu. Meli hii ilikuwa na mfumo wa maji, na maji ya nyuzi 7 hayagandishi kitu. Hata hivyo usizibe. Feni inachoka bure.)

Kibaya zaidi kilikuja alfajiri. Kabla ya saa kumi na moja mama mkwe aliamka kutawadha. Akatoka bafuni uso, mikono na miguu imelowa, akapita chini kabisa ya lile tundu. Alisema alihisi kama amemwagiwa maji ya kisima cha Limuru mwezi wa saba. Akaswali akiwa na sweta, leso mbili na soksi, meno yanagongana, nje ya kioo Luxor ikiwa haijashuka chini ya nyuzi 24.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kama fundi badala ya kufikiri kama mtu anayetaka kulala.

Nyuzi 19 za South C

Mama mkwe anajua nyuzi 19 vizuri. Sebule yake ya South C mwezi wa Agosti ni nyuzi 18 au 19 kutwa nzima. Nyumba zetu hazina hita wala kiyoyozi, zina madirisha na subira. Anakaa humo na leso mabegani, anakunywa chai, halalamiki. Ni kwa nini basi nyuzi 19 za Luxor zimshinde?

Kwa sababu nyuzi 19 za South C hazitembei. Mwili hujitengenezea kanzu nyembamba ya hewa ya uvuguvugu kuzunguka ngozi, na hewa ikitulia kanzu hiyo inakaa. Upepo mdogo tu, ule ambao hata pazia halitikisiki, unaivua kanzu hiyo kila inaposhonwa. Mtu aliyelala hana kazi inayompa joto, na mtu wa miaka 71 hutoa joto kidogo kuliko alivyokuwa akitoa akiwa na 30. Halafu kuna ukavu. Hewa ya Luxor na Aswan wakati wa kiangazi huwa na unyevu wa asilimia 20 hivi mchana, wakati ya Mombasa huzunguka 70 na kupanda. Katika hewa kavu inayotembea, maji ya ngozini hukauka upesi, na yakikauka hubeba joto la mwili yakaondoka nalo. Udhu ule ulikuwa mtungi wa udongo unaopozwa upenuni.

Mama mdogo je? Kwake Mombasa hulala nyuzi 27 au 28 huku feni ya darini ikizunguka usiku kucha. Amezoea hewa inayotembea. Bila mlio wa feni hapati usingizi. Kile kilichomtesa dada yake, yeye alikuwa hakipati. Kitanda chake kilikuwa nje ya njia ya upepo, kando ya kioo kilichokuwa kimepigwa jua alasiri nzima na bado kina moto wake saa tatu usiku. Alikuwa anatokwa jasho ndani ya chumba cha nyuzi 19.

Watu wawili, chumba kimoja, namba moja ukutani, na kila mmoja ana haki ya kulalamika. Ningeambiwa hayo Upper Hill ningeyajua kwa dakika moja.

Mtihani wa karatasi

Asubuhi hiyo nikampa mama mdogo kazi. Chukua kipande cha karatasi ya chooni, kirefu kama kiganja, kishike kwa ncha mbili za vidole juu ya kila mto wa kitandani. Kwenye mto wa dada yake karatasi ilisimama karibu mlalo, kama bendera. Kwenye mto wake ilining'inia wima. Kisha akapima kwa kipimajoto: ncha ya waya kwenye mbavu za tundu, nyuzi 13. Kwenye mto wa mama mkwe, 18 na nusu. Kando ya kioo, saa tano asubuhi, tayari 25.

Ile 13 ndiyo iliyonifumbua macho, kwa sababu themostati bado ilikuwa kwenye 28.

Hapa lazima nieleze jinsi meli nyingi za mtoni zinavyopozwa. Hakuna kiyoyozi kizima ndani ya kabini. Chini, kwenye chumba cha injini, kuna mashine kubwa, sisi huiita chila, inayopoza maji hadi nyuzi 7 hivi na kuyasukuma kwenye mabomba yanayozunguka meli nzima. Joto lililoondolewa humwagwa mtoni. Darini mwa kila kabini kuna koili na feni: maji baridi yanapita kwenye koili, feni inapuliza hewa juu yake. Themostati ya ukutani haipozi kitu. Kazi yake ni kuamuru valvu ndogo, yaani mlango wa maji kwenye bomba, ifunguke au ifungwe. Valvu hizo nyingi hazina nusu. Ndiyo maana mtu anayeweka 16 akitarajia chumba kipoe haraka kuliko akiweka 23 anajidanganya. Si jiko la gesi kwamba ukizungusha zaidi moto unakua. Hewa itatoka na ubaridi uleule, ila haitajua kusimama.

Na meli yenye bomba la kwenda na bomba la kurudi tu haiwezi kupasha kabini moja na kupoza nyingine kwa wakati mmoja. Mabomba yana maji baridi au yana maji moto, kwa wote. Agosti ni baridi. Kuomba 28 hakuleti joto. Kunaomba tu ubaridi ukome.

Basi kama chumba ni 19 na umeomba 28, valvu inatakiwa iwe imefungwa, na hewa inayotoka tunduni iwe sawa na hewa ya chumba, 18 au 19, kwa kuwa feni inazungusha tu kilichopo. Inatoka 13. Maana yake maji bado yanapita.

Kulikuwa na njia tatu za kulieleza hilo. Huenda themostati imefungwa kutoka mapokezi na haina madaraka. Lakini mama mdogo alipoipandisha, ile alama ndogo ya theluji kwenye kioo chake ilizimika, kumaanisha amri ya kufunga imetolewa. Huenda kihisio chake, kile kinachopima joto, kinadanganywa na ukuta wenye joto. Lakini kilisoma 19 na kipimajoto changu kando yake kikasoma 19 na nusu. Ikabaki ya tatu: valvu imekwama wazi. Chumvi ya maji huishika, au kile kimota cha juu yake hufa kimya kimya. Nimezibadilisha nyingi sana Nairobi, na karibu kila mara mwenye ofisi alikuwa ameshanunua themostati mpya kwanza.

Ungedhani baada ya hesabu nzuri hivyo ningesema waite fundi wa meli mara moja. Nilisema. Lakini siku hiyo walikuwa na matembezi, meli iking'oa nanga mchana, na mapokezi wakajibu "baadaye". Kwa hiyo nikawapa ushauri wa usiku wa pili: zimeni feni kabisa. Maji baridi yakipita bila feni hayamdhuru mtu.

Hilo ni kosa la pili.

Feni ilizimwa saa nne usiku. Saa nane wote wawili walikuwa macho. Chumba kilikuwa nyuzi 27, hewa imesimama, inanuka chakula cha jioni cha watu wawili na dawa ya kuchua ya mama mkwe. Feni ile ndiyo iliyokuwa ikizungusha hewa. Bila feni kabini ya meli ni kabati. Mama mdogo akafungua mlango wa roshani apate upepo wa mto. Alichopata ni ukuta wa meli nyingine. Wakati wa usiku meli za Nile hujipanga ubavu kwa ubavu gatini, tatu, nne, hata zaidi, na abiria wa meli ya nje hupita ndani ya kumbi za zile nyingine kufika nchi kavu. Roshani yake ilikuwa imetazamana na dirisha la Mjerumani aliyekuwa akipiga mswaki, mkono mmoja tu katikati, na jenereta za meli zote mbili zikitema moshi kwenye upenyo huo. Akafunga.

Akanitumia ujumbe wa maneno manne: "Ufundi wako huu, mwanangu!"

Sitaha haikusaidia

Kabla ya hapo walikuwa wamejaribu kukimbilia sitaha ya juu. Wakati wa safari alasiri, meli ikielekea Aswan, walitarajia upepo. Hapakuwa na upepo. Bendera ya nyuma ilikuwa imelegea na moshi wa bomba ulipanda wima. Mama mkwe akasema pengine Misri haina upepo. Mdogo wake, aliyekulia karibu na mabaharia wa Bandari ya Kale, akatazama majani ya mitende ya ukingoni akacheka: upepo upo, ila uko tezi, nyuma ya chombo.

Alikuwa sahihi kabisa. Bonde la Nile huvuma upepo wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, na Nile hutiririka kwenda kaskazini, kwa hiyo anayetoka Luxor kwenda Aswan anapanda mto upepo ukiwa mgongoni. Ndiyo neema iliyowawezesha Wamisri wa kale kusafiri pande zote: walitweka tanga kwenda kusini, wakaacha maji yawarudishe kaskazini, hata katika maandishi yao ya picha, alama ya kwenda kusini ilikuwa na chombo kilichotweka tanga. Meli ya injini ikienda kwa mwendo unaokaribiana na wa upepo wa nyuma, abiria wake wanabaki ndani ya hewa iliyosimama, juu ya sakafu iliyochomwa na jua tangu asubuhi. Safari ya kurudi Luxor, upepo ule unakuwa omo, mbele ya chombo, na sitaha inakuwa pahali pengine kabisa.

Mama mdogo akamshika dada yake mkono wakarudi kabini. "Tezi na omo, marejeo ngamani," alisema, na kwa mara ya kwanza mama mkwe akacheka.

Jambo jingine la dira hiyo hiyo: kabini yao ilikuwa ubavu wa kulia. Ukiupanda mto kutoka Luxor, kulia ni magharibi. Agosti, karibu na Aswan, jua la adhuhuri huwa karibu utosini, linachoma sitaha na vyumba vilivyo chini yake, si madirisha. Madirisha hupigwa alasiri, jua likiteremka, na upande wa magharibi ndio unaolipokea lote mpaka magharibi iingie. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpikia mama mdogo kitanda.

Fundi wa meli

Asubuhi ya siku ya tatu walikwenda hekalu la Horus la Edfu. Mama mkwe alirudi na habari moja tu, na haikuwa ya Mafarao wala ya Waptolemayo waliolijenga kwa karne karibu mbili kuanzia mwaka 237 kabla ya Kristo. Alisema kule ndani, kwenye vile vyumba vya nyuma vyenye kuta nene za mawe, ndipo mahali pa kwanza tangu atoke Nairobi alipojisikia yuko sawa. Kivuli, mawe yaliyopoa, hewa imetulia. Nikamwambia mke wangu: mama yako amenieleza kazi yangu kwa sentensi moja.

Waliporudi kabini ilikuwa tanuri, nyuzi 31, kwa sababu walipotoka walichomoa ile kadi ya mlangoni inayowasha umeme, kama walivyoelekezwa, na pazia waliliacha wazi. Lakini pia fundi alikuwa amefika, kijana mwenye bisibisi na ngazi. Hakujua Kiingereza, wao hawajui Kiarabu cha Misri. Mama mdogo akanyoosha kidole darini akasema "Barid! Barid!" na kijana akaelewa papo hapo, maana neno hilo tulilichukua kwao sisi wenyewe.

Mama mdogo akaniweka kwenye video. Kijana alifungua kifuniko cha dari ya bafu, nikaiona valvu: shaba iliyochakaa, kimota cheupe juu yake, ukoko wa chokaa shingoni. Akaigonga kwa mpini wa spana mara tatu. Nami nilikuwa naigonga pamoja naye kichwani. Haikusogea. Akanitazama kwenye simu, akainua mabega, akaonyesha kwa vidole kwamba kifaa kiko Kairo. Kisha akafanya kile ambacho ningefanya: akashika koki ya mkono iliyo nyuma ya valvu, akaifunga nusu.

Hewa ya tunduni ikapanda kutoka 13 hadi 17.

Sitaki kumdharau kijana yule; hiyo ndiyo tiba ya haki ukiwa mtoni bila spea. Ila koki iliyofungwa nusu haijui saa. Usiku inatosha. Alasiri, jua la magharibi likiwa kwenye kioo, maji yanayopita hayatoshi tena, na siku hiyohiyo meli ikielekea Kom Ombo kabini ilipanda hadi 29. Sasa mama mkwe alikuwa hana neno, na mama mdogo alikuwa anataka kuhama meli.

Kubadilishana vitanda

Nilitakiwa nilifikirie hili tangu ile karatasi ya chooni. Lililonizuia ni kwamba mama mkwe ndiye mkubwa, na kitanda cha karibu na bafu alipewa yeye kwa heshima, magoti yake yasitembee usiku. Mimi mkwe nitamwambiaje ahame? Nikamtuma mke wangu. Mke wangu akasema mwambie mwenyewe, wewe ndiye fundi. Mwishowe mama mdogo alilimaliza bila ushauri wa mtu: alibeba mto wake akajitupa kwenye kitanda cha chini ya tundu akasema, "Dada, hapa ndipo penye feni. Mimi sitoki."

Mengine yalikuwa madogo. Mbavu za tundu zikageuzwa zitazame dari, hewa baridi ianguke katikati ya chumba badala ya kumwagika moja kwa moja kwenye mto wa kulalia. Feni ikawekwa mwendo wa chini, isizimwe. Pazia zito likafungwa kabla ya kutoka asubuhi, na wakaomba mapokezi kadi ya pili ibaki mlangoni. Kijana wa mapokezi alisita kidogo, akatoa. Mama mkwe akaanza kujifuta maji kabla ya kutoka bafuni, mlango ukiwa bado umefungwa.

Usiku wa tatu kipimajoto kilisoma 23 kwenye mto wa mama mdogo, karatasi ikipepea, na 24 na nusu kwenye mto wa mama mkwe, karatasi imetulia. Tofauti ya nyuzi moja na nusu. Hakuna aliyenipigia simu.

Usiku wa nne, Aswan, alinipigia mama mdogo tena, saa tatu. Nikashika moyo. Alitaka kujua kama ile dawa ya kuchua inaruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi.

Januari

Sasa wanataka kurudi Januari, kwa kuwa wamesikia mchana ni nyuzi 23 na jua la kukaa. Ni kweli. Ila usiku Luxor inaweza kushuka chini ya 8, chini ya Nairobi ya Julai, na meli yenye mabomba mawili itakuwa inapeleka maji moto kwa wote au inategemea hita za umeme. Valvu iliyokwama wazi wakati huo itampika mtu wa chini ya tundu usiku kucha, na kioo kitakuwa upande wa baridi. Vitanda itabidi virudi vilivyokuwa mwanzo, au visirudi. Nimekaa na kalamu nikashindwa kuamua, maana mama mdogo hawezi kulala bila upepo hata uwe wa moto.

Jana nilimsindikiza mama mkwe kwa wakala wa safari mjini. Wakala akaeleza chakula, mahekalu, matembezi ya Abu Simbel, bei ya mapema. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akafungua mkoba, akatoa kipimajoto changu kilichoviringishwa ndani ya leso, akakiweka mezani, akauliza tundu la hewa liko juu ya kitanda gani. Wakala alitazama kipimajoto, akanitazama mimi, akasema ataulizia.